Maji Mdomoni mwa Mercy

Wasichana wangu wa bwawani, siku mliyoniaga, mkiwa mmenipaka keki mpaka kwenye mtandio, niliwaahidi kwamba nitawaandikia kazi yetu inavyofanywa. Sasa nimestaafu. Nimekaa chumbani kwangu Al Wukair, nje kidogo ya Doha, na masanduku yaliyofungwa nusu, na sina tena kisingizio. Habari za vyeo mtaniwia radhi, na mshahara wangu hauwahusu. Nitaeleza ya bwawani tu. Na kwa kuwa kila nikijaribu kuyaeleza namkuta Mwairishi mmoja yumo ndani, huyo naye mtamsikia sana.

Kazi yangu ya kwanza Doha ilikuwa kukunja taulo katika hoteli moja ya kisiwa cha The Pearl. Siku ya kwanza nilikunja mlima mzima, nikaupanga vizuri kwa ukubwa, kisha mgeni mmoja akaufumua wote akitafuta taulo lililo laini zaidi. Yote yalikuwa ya kiwanda kimoja. Nikayakunja upya huku nikitabasamu, kwa sababu kutabasamu nako kulikuwa sehemu ya kazi, na hapo ndipo nilipoanza kuuelewa mji huu.

Hoteli ilipotaka mwanamke wa kulinda bwawa siku za wanawake, nikasema mimi naweza. Nilikulia Tanga, na utotoni nilishinda baharini Raskazone mpaka ngozi inakunjamana. Walinipa mafunzo, filimbi na kaptura ndefu, wakanikalisha kwenye kiti kirefu. Mengi mliyoyasikia kwangu yanatoka kwenye kiti kile. Anayepiga kelele majini anacheza. Mtazameni aliyenyamaza.

Mtu wa kwanza niliyemtoa majini alikuwa bibi mzima, mwenyeji wa hapa, aliyekuwa akitembea upande wa kina kifupi na abaya yake mwilini. Aliteleza bila sauti yoyote, nguo ikaelea, yeye akabaki chini. Niliruka nikamkamata kwapani nikamtoa. Alipopata pumzi alinigombeza vibaya sana, si kwa kumwokoa, bali kwa kumwokoa mbele ya wake za wanawe. Wiki iliyofuata alinitafuta mpaka jikoni kwa wafanyakazi na bakuli la harisi, ule uji mzito wa ngano na nyama, akanisimamia nikala mbele yake. Nikamaliza lote.

Baadaye nikahamia kwenye klabu yetu ya wanawake, na huko ndiko nilikokutana na Abla Samia. Mnamjua nyote, lakini hamkumjua akiwa na magoti mazima. Ni Mmisri, alikuwa mkuu wa wapima muda, na hiyo "Abla" ni mwalimu wa kike kwa lugha ya kwao. Hakuna aliyethubutu kumwita vingine. Alinipa saa ya kupimia mashindano, akaniambia nianze na nisimamishe, nami nikabonyeza kwa dole gumba.

"Ya Zuhura, unakamua ndimu?" akauliza. Kiarabu chake nilikuwa nimeshaanza kukifuata. "Dole gumba ni zito. Bonyeza kwa hiki." Akainua kidole chake cha shahada. "Kila siku kwenye sala unakitolea ushahidi. Na hapa kazi yake ni hiyohiyo. Yalla, anza tena."

Nilianza tena wiki nzima. Kisha akanifundisha mengine. Mwanzoni angalia taa ya honi ya kuanzia, usingoje sauti, maana sauti inachelewa kufika. Mwogeleaji akikaribia kumaliza, sogea ukingoni, inama, utazame ukuta. Usimtazame yeye. Ukimtazama utampenda au utamchukia, na kidole kitafuata moyo. Tazama kigae chako, mkono utakuja wenyewe. Na usishangilie hata aogelee mwanao. Mwenye saa hana timu.

Ndiyo maana watu wakiniuliza mashindano fulani yalikuwaje, sina la kuwaambia. Nimekaa karibu na waogeleaji kuliko mtu yeyote katika klabu ile, nami nilichokiona ni vigae na mikono.

Orla aliletwa na mama yake, muuguzi wa hospitali moja hapa, akiwa bado mtoto wa shule ya msingi. Alikuwa na madoadoa usoni na mafuta meupe ya jua puani, ingawa bwawa letu lina paa. Alikataa katakata kutia uso majini. Aliwashinda walimu wawili. Wa tatu nilikuwa mimi, nikamwambia, "Haya, usitie uso. Lala chali, unitazamie dari, uniambie inasemaje."

Akalala. Nikaweka kiganja chini ya mgongo wake, kisha nikakiondoa bila kumwambia. Alipofika katikati ya bwawa akapiga kelele kwamba dari inasema ina taa moja iliyoungua. Ilikuwa kweli, na nikamwita fundi. Magazeti ya kwao yameandika kwamba Orla aliuchagua mtindo wa chali kwa sababu ya umbo la mabega yake. Mimi nawaambieni aliuchagua kwa sababu ya pua.

Tangu siku ile alinisalimu "Shikamoo, Bi Zuhura" kila anapoingia, hata akiwa amenuna. Kiswahili chake kiliishia hapohapo. Mengine yote tuliyazungumza kwa Kiingereza cha Doha, ambacho si cha kwake wala si changu, nami hapa nakigeuza Kiswahili ili nisiwachoshe.

Mwogeleaji wa chali haoni anakokwenda. Ndiyo maana ya vile vibendera vinavyoning'inia juu ya maji: akivipita anahesabu mikono yake mpaka ukutani. Wengi wakishavipita huanza kuogopa, wanapunguza mwendo ili wasijigonge. Orla hakupunguza. Aliupiga ukuta mpaka siku moja ukucha wa kidole cha kati ukapasuka, na ulipoota tena ulikuwa na mstari katikati. Niliujua mkono ule kuliko ninavyoujua uso wake. Niliuona ukiwa mdogo na umepakwa rangi ya kucha za kitoto, nikauona ukirefuka, ukakomaa, ukaanza kufika ukutani kabla ya mikono ya wenzake wote.

Alipomaliza shule akaenda kwao Ireland, wakamchukua timu ya taifa. Alinitumia picha amevaa kofia ya kijani, nikaibandika ndani ya kabati langu, na kila aliyefungua kabati alilazimika kusikiliza habari zake. Mnanikumbuka. Aliogelea miaka kadhaa vizuri. Kisha bega likaharibika, wakampasua, akarudi majini mapema mno, likaharibika tena. Timu ikamwacha.

Akarudi kwa mama yake. Siku moja nilimkuta amekaa kwenye benchi la bwawani na kikombe cha karaki, chai nzito ya maziwa, amevaa nguo kavu.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Mbona umevaa suruali?"

"Nimemaliza kuogelea."

"Kakwambia nani? Bega au kocha?"

Akacheka, lakini macho hayakucheka. "Wote wawili."

"Basi ingia majini ulale chali. Tusikie dari inasemaje."

Akaweka kikombe chini. Kisha akaenda kubadilisha nguo. Sikumfundisha chochote, nisije nikajipa sifa zisizo zangu. Kocha alimpata mwingine hapahapa Doha, mwanamke mwenye subira, na daktari wa mazoezi. Mimi nilimfungulia mlango asubuhi na kumwekea kamba za njia. Lakini niliuona mkono ukirudi. Mwanzo uligusa ukuta kwa woga, ukucha wenye mstari ukipapasa kigae. Miezi ikapita, ukaanza tena kuupiga.

Sasa sikilizeni vizuri. Mashindano makubwa ya nchi na nchi yalikuwa yanakuja kufanyika Doha. Ireland ilikuwa inafunga kikosi chake. Orla alitakiwa kuogelea mita mia chali ndani ya muda waliouweka, kwenye mashindano yanayotambuliwa, kabla kikosi hakijafungwa. Mashindano ya mwisho yaliyobaki, ambayo angeweza kuyawahi bila kupanda ndege, yalikuwa ya klabu yetu. Akikosa pale, amekosa. Kwa umri wake na bega lile hakukuwa na mara nyingine, na yeye mwenyewe alikuwa amesema hivyo mbele ya mama yake.

Mnajua mashindano yetu yalivyo. Mapazia yanashushwa kwenye vioo vyote, wanaume hawaingii, simu zote zinaachwa mlangoni kwenye vikapu vya Mercy. Mercy ni yule Mkenya wa Kitale, mwokoaji mwenzangu, ambaye Ijumaa anaimba kwaya kanisani Mesaimeer na siku nyingine anatuimbia sisi bila kuombwa. Ana cheti cha kupima muda kama mimi. Tatizo lake ni moja tu. Anashangilia. Mwaka mmoja alimshangilia mwogeleaji wa njia yake kwa moyo wote, na wakati msichana yule ameshavaa kandambili anakwenda zake kuoga, saa ya Mercy ilikuwa bado inatembea.

Asubuhi ya siku ile vibao vya umeme, vile vinavyowekwa ukutani vikanasa muda mwogeleaji anapogusa, vilikataa kuwaka. Fundi alikuja kabla ya milango kufunguliwa, akachokonoa, akasema kifaa fulani kimekufa na kinaagizwa nje. Mwamuzi mkuu akapiga simu Ireland. Wakajibu kwamba saa za mkononi wanazikubali, mradi kila njia iwe na wapima watatu wenye vyeti. Tulihesabiana. Njia ya nne, njia ya Orla, ikaangukia kwa Abla Samia, mimi na Mercy.

Mercy alinivuta pembeni.

"Aunty, nitoe hapo. Nakuomba. Huyo msichana akianza kurudi, mdomo yangu hujifungua yenyewe. Nikipiga nduru tu, kidole inasahau kazi."

"Nani mwingine ana cheti?"

"Hakuna."

"Basi."

"Si nibadilishane na wale wa njia ya sita? Hao hata hawamjui."

"Wale wa njia ya sita wameshaandikwa, na mwamuzi hataki kusikia. Utasimama."

Niwaeleze kwa nini aliogopa, kwa sababu wapya miongoni mwenu hamjui bado. Saa tatu zikitofautiana, inachukuliwa ile ya katikati. Moja ikikosekana, zinazobaki zinajumlishwa na kugawanywa kwa mbili, na hapo saa moja nzito inaweza kumzamisha mtu. Miaka yote ya msichana yule ilikuwa inaingia ndani ya vidole vyetu vitatu, na vyote vitatu vilikuwa vinampenda.

Abla Samia alisema Mercy afungwe mdomo kwa plasta, na sidhani kama alikuwa anatania. Mimi nilichukua chupa ya maji ya kunywa nikaifungua.

"Jaza mdomo," nikamwambia Mercy. "Usimeze, usiteme, mpaka ubonyeze."

"Aunty, uko serious?"

"Fungua."

Akajaza. Mashavu yakavimba, macho yakamtoka. Mwamuzi alipita, akamtazama, akaamua kutouliza.

Orla aliingia majini akiwa na kofia nyeupe ya klabu. Akashika vyuma vya kuanzia, miguu ukutani, uso kuelekea kwetu. Nadhani aliyaona mashavu ya Mercy, maana kona ya mdomo wake ilitikisika. Kisha akavuta miwani na sura yake ikafungwa. Nilitazama taa. Ilipowaka nikabonyeza, na mgongo wake ukaondoka mbele yetu.

Kuanzia hapo sijui kilichotokea, kwa sababu nilifanya kazi yangu. Nilisikia kelele za wanawake, vigelegele vya akina mama wa hapa, watoto wakiita jina lake. Nilisikia alipogeuka upande wa pili, maana kelele zilipanda. Pembeni yangu Mercy alikuwa anatoa sauti puani, mmm, mmm, kama ukelele uliofungiwa chumbani, lakini hakufungua mdomo. Nilisogea ukingoni, nikainama, nikakitazama kigae changu. Moyo ulikuwa unataka nibonyeze mapema. Nasema wazi, kidole kilikuwa kinawasha. Nikakiambia kingoje.

Mkono ukaja. Uliupiga ukuta, nikaona ukucha wenye mstari, nikabonyeza.

Sekunde ile ile maji ya Mercy yalitoka yote. Yalimmwagikia Orla kichwani, na mengine Abla Samia begani, na nyuma ya maji ikafuata sauti iliyokuwa imefungiwa, "Oorlaaa!", mpaka mapazia yakatikisika. Mwamuzi akainua mkono tunyamaze. Kanuni ni kwamba hakuna anayeonyesha saa yake mpaka aulizwe, na nilikuwa wa kwanza kuulizwa.

Nikasoma. Saa yangu ilikuwa juu ya muda uliotakiwa, juu kidogo tu, lakini juu. Niliitaja kama ilivyo. Sijawahi kutamka neno zito kama namba zile. Orla alikuwa bado ameshika kamba ya njia, ananitazama kutoka chini, na nikaona uso wake ukisawijika.

Abla Samia akasoma yake. Ilikuwa chini ya muda, lakini si kiasi cha kufidia ziada ya saa yangu. Nilikuwa najua hesabu, na Orla alikuwa anajua. Kwa saa zetu mbili pekee, alikuwa amekosa.

"Mercy?" mwamuzi akauliza.

Mercy alikuwa ameishika saa kwa mikono miwili, kidevu kinadondoka maji. Nilitazama saa yake kabla ya kumtazama yeye. Ilikuwa imesimama. Namshukuru Mungu, ilikuwa imesimama.

Akaisoma polepole kama anasoma somo kanisani. Ilikuwa kati ya yangu na ya Abla Samia. Ilikuwa ya katikati. Na ilikuwa chini ya muda, kwa kitu kidogo ambacho jicho halikioni.

"Rudia," mwamuzi akasema.

Akarudia. Orla akazama. Nilishtuka nikashika filimbi, kwa mazoea, kabla sijaona mapovu na kuelewa kwamba anapiga kelele chini ya maji. Alipoibuka, Mercy alikuwa ameshaingia bwawani na viatu. Abla Samia alikaa kwenye kiti akajifuta bega kwa leso, akasema, "Alhamdulillah, lakini mate ni mate." Mama yake Orla alinikumbatia akalia kwenye shingo yangu, nami nikalia. Picha hakuna hata moja, kwa sababu simu zote zilikuwa kwenye vikapu. Kama hamtaki kuniamini, muulizeni Mercy, ingawa yeye atawaambia kwamba vidole vyetu wengine vilikuwa vya mapambo.

Baada ya hapo nikastaafu. Saa nikaikabidhi klabuni, filimbi nikabaki nayo, hawakuikumbuka. Siku ya fainali ya yale mashindano ya nchi na nchi, Orla alitukatia tiketi mimi na Mercy, jukwaani, juu kidogo ya ukingo. Ukumbi ule una vibao vya umeme kila njia na ubao wa matokeo mkubwa kuliko nyumba niliyozaliwa. Hakuna aliyemhitaji Zuhura. Niliapa kwamba leo, kwa mara ya kwanza, nitayatazama mashindano mwanzo mpaka mwisho kama watu wengine, na nitapiga kelele.

Orla alitoka na kofia ya kijani. Taa ikawaka. Niliuona mgongo ukiondoka, nikaiona mikono ikipokezana, na wallahi ni kitu kizuri, mngeniambia mapema. Niliona akigeuka. Niliona akirudi. Akavipita vibendera, na mimi, mjinga mimi, macho yakahama yenyewe kwenda ukutani. Nikanyamaza, nikainama kwenye kiti changu, nikaukodolea macho ukuta wa njia yake. Mkono ukaupiga. Ubao ukawaka, watu wakasimama mbele yangu, sikuona kitu.

"Wa ngapi?" nikamshika Mercy. "Mercy, wa ngapi?"

Akanigeukia. Mashavu yake yalikuwa yamevimba. Mwanamke yule alikuwa amejaza maji mdomoni tangu waogeleaji walipoitwa. Alikuwa analia, anatikisa kichwa juu chini, na ameinua vidole vitatu.

Wa tatu. Orla wetu, aliyekataa kutia pua majini, alikuwa ameshinda medali.

Alipomaliza kuvishwa alizunguka ukingo mzima na bendera yao mabegani, mpaka akafika chini yetu. Akasimama kwenye kizuizi, nywele zimelowa, medali inagongana na zipu.

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu."

Nilinyoosha mkono nimshike. Hakunishika. Aliufungua mkono wangu ukawa wima, kisha akakigeuza kichwa, akatazama dari, akatupa mkono wake nyuma bila kuangalia, akapiga kiganja changu kama anavyoupiga ukuta. Kidole changu cha shahada kikabonyeza chenyewe, na hakukuwa na kitu cha kubonyeza.

Hapo ndipo nikapiga kelele. Mercy anasema zilifika Al Wukair.